Elimu ya Ziwa Irudishwe Mwaloni

Katika Ziwa Victoria yumo samaki mdogo wa jamii ya furu, ambaye dume lake lina milia myeusi ubavuni na wekundu mgongoni. Wataalamu wa Uholanzi waliofanya kazi Mwanza walimtangaza ulimwenguni mwaka 1985, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Na mwaka 1998 jenasi yake ikaitwa Pundamilia. Leo samaki huyo hujulikana katika vyuo vya dunia nzima kwa jina la Pundamilia nyererei: neno la Kiswahili na jina la Mtanzania. Lakini kijana wa Musoma au Bukoba akitaka kujua samaki huyo hula nini, huzaaje na hukabiliwa na hatari gani, karibu yote atakayoyapata yameandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimepewa heshima ya kumwita samaki jina, kikanyimwa haki ya kusimulia maisha yake.

Mimi si mwanasayansi wa samaki. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo jambo hili ni la lugha kwa nusu yake, na nusu hiyo ndiyo isiyosemwa. Nasema kwamba utafiti wa maziwa yetu usioandikwa kwa Kiswahili ni utafiti ambao haujakamilika, na kwamba vyuo vyetu, kwa namna vinavyowapandisha watu vyeo, vinawalipa watafiti waache kazi yao nusu njia.

Tazama njia apitayo mtaalamu kijana wa maji baridi. Huanza mhadhiri msaidizi, akawa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, na mwisho profesa. Ngazi hiyo hupandwa kwa makala, na makala yenye uzito katika mizani ni yale yanayotoka katika majarida ya ng'ambo. Mtafiti huyo hukesha ziwani na wavuvi wa dagaa wenye karabai, hupima samaki wao, huuliza maswali yake kwa Kiswahili na hujibiwa kwa Kiswahili. Akirudi ofisini huandika kwa Kiingereza, akapeleka makala yake nchi ya mbali. Makala yakichapishwa, yeye hupanda cheo. Mvuvi aliyempa mashua, samaki na majibu hasikii tena habari yake. Simlaumu kijana huyo, maana mkono mtupu haulambwi. Naulaumu mkono ulioshika mizani.

Desturi hii si ya jana. Michael Graham aliyapima maji na uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, na katika ripoti yake ya 1929 alionya kwamba kuingiza samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa, isipokuwa utafiti mrefu utangulie. Mwaka 1947 kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja, na mwaka 1960 Geoffrey Fryer alitoa makala ya kuonya juu ya sangara. Juu ya maonyo hayo sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, furu, ambao kabla ya hapo walikuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa ziwa lile, walianguka vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Ni kweli sangara alileta viwanda, biashara ya nje na fedha. Lakini shauri lililogeuza maisha ya mamilioni ya watu lilibishaniwa kwa lugha ambayo wengi wa watu hao hawakuijua. Sidai kwamba makala ya Kiswahili yangalimzuia sangara. Nadai kwamba watu walikuwa na haki ya kuusikia ubishi uliowahusu.

Wapinzani wa hoja hii husema kwanza kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuibeba elimu hiyo. Na tuwajaribu kwa mfano. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature habari za Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi, na maji yake ya chini hayana hewa ya uhai, ila yamejaa rutuba itokanayo na viumbe vilivyokufa na kuzama. Kila mwaka, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini hupanda upande wa kusini pamoja na rutuba yake. Rutuba hulisha vijimea vinavyoelea, vijimea huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka. Joto la dunia likizidi, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hushindwa kuyachanganya. Rutuba hubaki chini, na njaa huwa juu. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo wamaanisha kupungua kwa samaki kwa asilimia 30 hivi.

Habari nzima imesemwa, na sikulazimika kuunda neno hata moja. Pale ambapo istilahi zahitajika, kazi ilianza zamani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi haizaliwi kabla ya kazi, huzaliwa kazini. Wavuvi hawakungoja kamati iwape furu, sato, ngege, kokoro wala karabai. Walikuwa na kazi, wakapata maneno.

Husema pili kwamba sayansi ni ya ulimwengu, nayo yataka lugha ya ulimwengu. Hapana abishaye. Mtafiti na aendelee kuandika kwa Kiingereza ili wenzake wa mbali wampime. Lakini ziwa nalo lina ulimwengu wake. Kigoma huandika kwa Kiingereza. Ng'ambo ya pili, kituo cha utafiti wa maji cha Uvira katika Kongo huandika kwa Kifaransa. Mashua za pande zote mbili hukutana katikati ya maji, na wavuvi wake husalimiana kwa Kiswahili. Lugha ya kuwaunganisha wataalamu wa ziwa hilo imekwisha kuwamo ziwani. Ni wataalamu tu ambao hawajaipanda mashua yake.

Husema tatu kwamba mvuvi hana haja ya makala. Yatosha aambiwe sheria na afisa uvuvi. Hili ndilo neno baya kuliko yote, na matunda yake twayaona. Mvuvi wa Ziwa Victoria huambiwa asivue sangara aliye chini ya sentimita 50. Asipoelezwa sababu, kipimo hicho kwake ni fimbo ya serikali, na fimbo hukwepwa usiku. Akielezwa kwamba sangara huchelewa kukomaa, kwamba majike hukomaa wakiwa wakubwa kuliko madume, na kwamba amvuaye mdogo amevua pia mayai ambayo hayajatagwa, kipimo kile kile huwa shauri la mtu mwenye akili kwa mtu mwenye akili. Tumewapa wavuvi wenyewe, katika vikundi vya BMU, wajibu wa kulinda mialo yao. Je, ni haki kumpa mtu ulinzi wa nyumba na kumnyima ufunguo wake?

Dawa si ngumu. Makala ya Kiswahili yaliyopimwa na wataalamu yahesabiwe sawa na ya Kiingereza katika kupandisha vyeo. Tasnifu yoyote juu ya ziwa letu iwe na sura kamili ya Kiswahili, si ukurasa mmoja wa heshima, na mwandishi wake aisome mwaloni mbele ya watu aliowauliza maswali. TAFIRI kwa upande wa Tanzania na KMFRI kwa upande wa Kenya zina wataalamu wa kutosha wanaokijua Kiswahili kuendesha jarida moja. Idara za Kiswahili nazo hazina udhuru: zimewafunza vijana wengi kuchambua riwaya, na wachache mno kukusanya msamiati wa wavuvi kabla wazee wenye nao hawajaondoka.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi aanzaye leo ataandika kwa miaka thelathini, naye ataandika kwa lugha itakayompa cheo. Tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC. Marais huhutubia kwacho, na sisi hukipigia makofi. Heshima ya lugha haikai katika makofi. Hukaa katika mambo ambayo mtu hawezi kuyajua vema pasipo lugha hiyo. Siku ambayo mtaalamu wa Uholanzi au Marekani atalazimika kujifunza Kiswahili ili asipitwe na habari mpya za furu, siku hiyo ndipo tutakapoweza kusema kwamba elimu ya ziwa hilo ni yetu.