Wanabukavu, tusikubali kuibiwa kimya kimya

Juzi hapa Nyawera nilimkuta mama mmoja, muuza samaki wa sambaza, amesimama mbele ya kibanda cha kutolea pesa za simu, simu mikononi, hana la kusema. Mtu alikuwa amempigia, akamtaja majina yake yote, akajua hata kiasi alichopokea asubuhi ile. Akajidai mfanyakazi wa kampuni ya simu, akamwomba namba ya siri ili "amfungulie akaunti". Mama akaitaja, na akaunti ikabaki tupu. Ile ilikuwa pesa ya likirimba, upatu wao wa kupokezana, na zamu yake ilikuwa imefika. Alipokwenda kushtaki, aliambiwa kwanza alipie karatasi. Nao waliokuwa pale kibandani, badala ya kumsaidia, walimwambia: "Mama, si ulimpa mwenyewe?"

Hapana, hakumpa pesa yake. Aliibiwa, na aibu ni ya mwizi.

Sababu tunazijua sote: njaa, vijana wasio na kazi, na benki zilizofunga milango tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, hata simu ikawa ndiyo sanduku letu la pesa. Lakini yule tapeli majina aliyatoa wapi? Pita kibanda chochote kuanzia Nyawera hadi soko la Kadutu. Daftari limelala wazi mezani: jina, namba ya simu, namba ya kadi ya mpiga kura, kiasi, saa. Anayengoja zamu yake anasoma ya mwenzake. Mwenye nia mbaya anajifanya anaandika ujumbe, kumbe anapiga picha ukurasa mzima. Nenda kwenye fotokopi: kadi uliyoskanisha inabaki ndani ya kompyuta ambayo kila mpita njia anaigusa. Hoteli, shule na zahanati nazo zinakusanya nakala za kadi zetu, halafu zinazirundika popote. Nyinyi wenye biashara, nawaambia waziwazi: mnapoacha majina ya wateja wazi, mnamfungulia mwizi mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Wala tusidanganyane kwamba sheria haipo. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya mambo ya kidijitali, inaadhibu makosa yanayofanywa kwa kompyuta na simu, inalinda habari za mtu binafsi, na inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Jirani zetu Kenya wanaitumia sheria yao: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwetu sheria imelala kwa sababu hakuna anayeiamsha, na mahakama katika siku hizi tunajua zilivyo. Ndiyo maana mmoja mmoja hatutafika popote.

Tukumbuke RAM, kodi ya kusajili simu. Walipotukata salio la simu kwa kodi ile, nchi nzima ilipiga kelele, na mwaka 2022 kodi ikaondolewa. Hatukuwa na silaha. Tulikataa pamoja.

Basi tuanze. Ukitapeliwa, usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha ya skrini, andika namba iliyokupigia, saa, na namba ya muamala, kisha ipigie kampuni dakika hiyohiyo izuie pesa. Kila likirimba, kila chama cha wafanyabiashara, kichague mtu wa kukusanya visa hivi. Kumi wakiandika mashtaka ya pamoja, ni vigumu kuwarudisha nyumbani. Wenye vibanda, funikeni madaftari leo, si kesho. Wenye fotokopi, futeni kadi ya mteja mbele ya macho yake, na wewe mteja usiondoke kabla hujaona imefutwa.

Kwenu mawakili wa Baro ya Kivu Kusini: sheria ya 1979 inayopanga kazi yenu inataka wenye kipato kidogo washauriwe bila malipo. Shukeni sokoni na ushauri huo. Chukueni wanafunzi wa sheria wa vyuo vikuu vyetu, UCB na UOB, wawaandikie akina mama mashtaka. Redio za mji, tupeni muda wa kusema mambo haya kwa Kiswahili na Mashi. Kampuni za simu nazo lazima zibanwe, kwa njia yoyote ya halali tutakayoipata.

Na wazazi, nawasihi, maana kwa simu hatuibiwi pesa tu. Binti yako akikuambia kuna mtu anamtishia kwa picha zake za siri, usimpige, usimfukuze. Usilipe pia, maana akilipwa leo atarudi kesho. Hifadhini vitisho vyote kama vilivyo, shikaneni mkono, mwende kwa wakili siku hiyohiyo.