Kishikwambi Kinaongea Lugha Gani?

Shuka Msimbazi, kata kuelekea Mtaa wa Aggrey, utakuta vishikwambi vya watoto vimepangwa mezani kama sabuni: vya bluu, vya pinki, vyenye mpira pembeni ili vikianguka visipasuke. Muuzaji atakuwashia kimoja. Kitaanza kuimba alfabeti kwa Kiingereza cha puani, na kwenye kioo kuna mtoto anacheza na theluji. Mzazi analipa, anaondoka akiwa na furaha kwamba mwanawe naye sasa anasoma kidijitali.

Sina ugomvi na muuzaji wala mzazi. Ugomvi wangu ni na sisi wanachuo wa ualimu. Kwenye semina na kwenye vimbweta tunabishana mpaka jua linazama: serikali inunue vishikwambi au ijenge vyoo kwanza, simu ziruhusiwe shuleni au zisiruhusiwe, mashine zitatunyang'anya ajira au la (ajira zenyewe ziko wapi, hilo tuliache kwanza). Ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza: hicho kifaa kinaongea na mtoto kwa lugha gani?

Na jibu tunalo hapahapa nchini. Mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE yalifanyia majaribio yake katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu, zote kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Nusu nyingine ilibaki palepale, kwa hiyo anayesema kishikwambi kinatosha bila mwalimu asiitumie Tanga kama ushahidi wake. Ila fikiria vishikwambi vilevile vingepelekwa Lushoto au Handeni vikiwa na zile nyimbo za Aggrey. Tungesema watoto hawafundishiki.

Sasa njoo sekondari za katikati ya jiji. Mwaka jana nilifanya TP kwenye shule moja ya serikali, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Nilipewa Biolojia, Kidato cha Kwanza, mkondo mmoja wenye wanafunzi 84. Hawa wametoka kusoma kwa Kiswahili kwa miaka saba, halafu wanarudi kutoka likizo ya Desemba wanakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Nikaazima projekta, nikawawekea video ya jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Picha safi, Kiingereza safi. Wakapiga makofi. Nikauliza swali la kwanza: kimya. La pili: kimya, na feni inazunguka.

Nikazima sauti, nikairudia video ileile, safari hii msimuliaji nikiwa mimi, kwa Kiswahili. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake anauza vitenge Mtaa wa Kongo, akanyoosha mkono: "Sir, kwa hiyo usiku mmea unalala njaa?" Swali hilo peke yake lilitupeleka mpaka kengele, na kesho yake tukaendelea nalo.

Najua mtakaloniambia. Mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Kiingereza, sasa ukiwazoesha Kiswahili si unawaua? Hoja hii imezungumzwa sana hapa nchini, na wataalamu kama Martha Qorro wameiandikia kwa miaka mingi, wakionyesha kwamba kufundishwa kwa lugha usiyoielewa hakukufundishi somo wala lugha yenyewe. Sitairudia yote. Ninachoongeza ni kwamba kishikwambi kinaweza kufanya kile ambacho ubao hauwezi. Mwanafunzi anasoma maelezo kwa Kiingereza, anakwama, anagusa sentensi, inageuka Kiswahili. Anagusa tena, anasikia neno la mtihani linavyotamkwa. Mwenye Kiingereza chake hana haja ya kugusa. Na kwenye shule kama Uhuru Mchanganyiko, wanakosoma pamoja wanaoona na wasioona, hiyo sauti si mapambo. Kwangu mimi hii ndiyo sababu pekee nzito ya kuingiza vifaa hivi darasani. Kama ni kuonyesha picha tu, chati ya manila inatosha, tena haihitaji chaji.

Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipewa walimu, na nauona ulikuwa uamuzi mzuri kuliko kuviacha stoo vipigwe vumbi. Lakini pale nilipofanya TP, mwalimu mmoja alikitumia kuandalia masomo, mwingine kilikuwa kwenye droo, na wengine kilikuwa simu kubwa ya WhatsApp. Siwalaumu. Bando wananunua kwa pesa yao, na wakifungua ndani wanakuta vitabu vya kiada vilivyopigwa kwenye PDF. Kitabu kwenye kioo bado ni kitabu, tena kinaumiza macho.

Ubongo Kids walianza kurusha katuni zao za hesabu na sayansi kwa Kiswahili mwaka 2014, kutoka hapahapa Dar, na watoto wa mtaani kwetu wanaziimba. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia haiwezekani. Kinachokosekana ni vitu vya sekondari, na hapo ndipo sisi tunapohusika. Kozi yetu ya TEHAMA tunafundishwa sehemu za kompyuta na kupanga jedwali, tunafanya UE, tunasahau. Badala yake kila kikundi kipewe mada moja ya Kidato cha Kwanza, kiiandike kwa lugha mbili, kirekodi sauti, kiijaribu kwenye TP. Programu zote tano zilizofika fainali Tanga msimbo wake uliachwa wazi, bure, yeyote auchukue na kuutumia. Wenzetu wanaosoma kompyuta tunapanga nao foleni moja ya wali maharage kila siku. Serikali ya wanafunzi ina bajeti ya bonanza. Itenge wikiendi moja tu na chumba chenye intaneti, mimi nitakuja na mada yangu ya mmea.