Mchezo wa Angola Uliotoka Gerezani

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, nchini Brazili, aliishi mtoto mmoja mdogo wa umbo aitwaye Vicente Ferreira Pastinha, aliyezaliwa 1889. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mhispania. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi wa Bahia, mwenye kufua nguo za watu na kuuza akaraje, yaani bajia za kunde zikaangwazo kwa mafuta ya mawese. (Mapishi hayo yalivuka bahari pamoja na watumwa, Wayoruba wa Nigeria huyapika hadi leo na kuyaita akara.) Kila mtoto huyo alipotumwa dukani, kijana mmoja aliyemzidi umri na nguvu alimvizia njiani na kumpiga. Mzee Benedito, Mwafrika mwenye asili ya Angola, alikuwa akiyaona hayo kutoka dirishani pake. Siku moja akamwita mtoto, akamwambia kwamba saa anazozipoteza katika kurusha tiara afadhali azitumie nyumbani kwake, afundishwe jambo lenye manufaa. Baada ya mafunzo hayo, yule mwonevu alikutana na Vicente mara moja tu. Tangu siku hiyo akawa rafiki yake.

Jambo hilo lenye manufaa, kwa wakati ule, lilikuwa kosa la jinai.

Brazili iliufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa ya mwisho kufanya hivyo katika mabara ya Amerika, baada ya kupokea Waafrika wanaokaribia milioni tano, wengi wao kutoka Angola na Kongo, na wengine kutoka Msumbiji katika pwani yetu hii ya Mashariki. Miaka miwili tu baadaye, sheria ya jinai ya 1890 ikaweka adhabu ya kifungo cha miezi miwili hadi sita kwa yeyote atakayeonekana barabarani akicheza kapoeira. Viongozi wa vikundi waliongezewa adhabu maradufu. Wengi wa Rio de Janeiro walipelekwa katika kisiwa cha gereza cha Fernando de Noronha. Haki yasema pia kwamba baadhi ya wachezaji wa Rio walikuwa wahuni wa kweli, wenye wembe na visu, waliokodiwa na wanasiasa. Lakini wenzao wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini na kupigana katika vita vya Paraguay, vilivyokwisha 1870, na sheria haikuwakumbuka kwa hilo. Dola ilikuwa imemwachia huru mtumwa, ila haikutaka kumwona akicheza mchezo wake.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu hufanya duara, wakaimba na kupiga makofi. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, kama ilivyo desturi katika ngoma zetu. Wawili huchutama mbele ya wapigaji, kisha huingia kati wakiyumba, wakirusha mateke na kuyakwepa, mara mkono chini miguu juu, mara kichwa karibu na udongo. Je, ni ngoma au ni vita? Mtazamaji hawezi kukata shauri, na hapo ndipo penye siri, kwani bwana wa shamba naye hakuweza. Anayeamrisha yote ni berimbau: upinde wenye waya na kibuyu, unaopigwa kwa kijiti, huku mkono ule ule wa kijiti ukitikisa kikapu kidogo chenye mbegu. Askari waijuao tarumbeta ya kambini wataelewa upesi. Mlio ukibadilika, mchezo hubadilika. Upo mlio mmoja uitwao Kavalaria, wenye kuiga kwato za farasi. Inasimuliwa kwamba ulikuwa ishara ya kuwaonya wachezaji kuwa polisi wapanda farasi wanakuja.

Aliyeufungulia mchezo mlango wa serikali alikuwa mchukuzi wa bandarini, Manuel dos Reis Machado, maarufu kwa jina la Bimba. Baba yake alikuwa bingwa wa batuke, mieleka mingine ya watu weusi. Bimba akachanganya mbinu hizo na za kapoeira, akaweka mazoezi yenye utaratibu, na kwa busara akauita mchezo wake Mieleka ya Kimkoa ya Bahia, bila kulitaja lile jina la jinai. 1937 shule yake ikapata cheti cha serikali. Baadaye akawafundisha hata maofisa wanafunzi wa jeshi la akiba. Sheria mpya ya 1940 haikulitaja tena kosa hilo, na 1953 Bimba akacheza mbele ya Rais Getúlio Vargas.

Pastinha, aliyekuwa amepitia shule ya mabaharia wanagenzi na kuwafundisha wenzake humo, hakupendezwa na mageuzi hayo. 1941 akashika uongozi wa shule yake mwenyewe, akaiita ya Angola, ili mchezo usipoteze jina la walikotoka walimu wake. Wabishi hubisha hadi leo ni upi ulio wa asili. Wengine hutafuta ushahidi katika ngoma iitwayo engolo ya kusini mwa Angola. Wengine husema mchezo ulizaliwa Brazili. Ushahidi ulio imara zaidi ni ule upinde wenye kibuyu, kwa kuwa jamaa zake wamo Angola mpaka sasa. Tena Bimba na Pastinha, pamoja na tofauti zao, hakuna hata mmoja wao aliyekubali kucheza bila berimbau.

Aprili 1966, Rais Senghor wa Senegali alipowakusanya watu weusi wa dunia mjini Dakar katika Tamasha la kwanza la Sanaa, Pastinha alikuwa katika ujumbe wa Brazili. Umri wake ulikuwa miaka 77 na macho yake yalikuwa yanazimika. Wanafunzi wake ndio waliocheza, akiwamo João Grande, ambaye baadaye alifungua shule New York. Mzee hakuweza kuiona vema nchi ile ya Afrika, aliikanyaga.

2014 UNESCO iliandikisha duara la kapoeira katika urithi wa wanadamu, na leo hata vijana wa Luanda na Maputo hujifunza mchezo huo. Walimu wenyewe hawakuyaona hayo. Bimba, akilalamika kwamba Bahia haikumsaidia, alihama, akafariki Goiânia 1974. Pastinha aliondolewa katika jumba la shule yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ahadi kwamba likikwisha kutengenezwa atarudishiwa. Likageuzwa mkahawa. Alifariki Novemba 1981, kipofu, mwenye umri wa miaka 92. Katika miaka yake ya mwisho waliishi katika chumba kidogo, na chakula chao kilitoka katika kikaango cha mkewe, aliyekuwa akiuza akaraje.