Nani Alimfundisha Nani?

Leo naomba nitoe dukuduku langu. Kila nikisoma habari za mchoraji Berthe Morisot, hata kwa waandishi wenye nia njema, naambiwa alikuwa mwanafunzi wa Manet, kisha akaolewa na Eugène, mdogo wake Manet, mwaka 1874. Basi, kamalizwa!

Walikutana Louvre, Paris, mwaka 1868. Édouard Manet alikuwa na jina, kweli. Lakini Morisot naye picha zake zilishapokelewa Salon, yale maonyesho rasmi ya Paris, tangu mwaka 1864. Hakwenda kwake kufundishwa kushika brashi.

Sasa sikia kisa cha mwaka 1870. Morisot kachora picha ya mama yake na dada yake, mkokoteni wa kuipeleka Salon unasubiri. Manet kaja kutoa ushauri. Akashika brashi, akaanza na pindo la gauni la mama, akapanda kifuani, akafika usoni, akaendelea hadi nyuma. Picha ikaenda na jina la Morisot, mwenyewe akabaki na uchungu.

Mimi namwelewa. Ripota yeyote aliyewahi kufungua gazeti asubuhi, akakuta jina lake juu ya sentensi ambazo hakuziandika, atamwelewa.

Kinachonishangaza ni kwamba hatuulizi upande wa pili. Morisot alikuwa akichora nje, kwenye mwanga wa jua, tangu alipojifunza kwa Corot miaka ya mwanzo ya 1860. Manet alikuwa mtu wa studio na rangi nyeusi. Ghafla, mwaka 1874, naye yuko Argenteuil kando ya mto, rangi zimefunguka. Sawa, Monet alikuwepo, simnyimi haki yake. Ila hebu itazame picha ya Manet ya mwaka 1876, mwanamke aliyetupa mgongo mbele ya kioo. Brashi nyepesi, za haraka, karibu gauni liyeyuke. Kwangu mimi, huo ni mkono wa Morisot ndani ya picha ya Manet, na safari hii hakuna aliyelazimishwa.

Manet alifariki mwaka 1883, Morisot mwaka 1895. Cheti cha kifo cha Morisot kiliandikwa kwamba hana kazi. Huyu ni mtu aliyeshiriki maonyesho saba kati ya manane ya kundi la Impressionists. Manet hakushiriki hata moja.