Kamera hizi zina mwenyewe, naye atajwe

Mgeni aingiaye katika hoteli na mikahawa yetu mingi siku hizi hulakiwa na kibao kabla ya kulakiwa na mhudumu. Kibao husema: "Mahali hapa panalindwa kwa kamera." Pengine maneno huwa ya Kiingereza kitupu, na chini yake pamechorwa jicho. Wengi wetu hupita, tukaketi na kuagiza chai.

Mwalimu wa sarufi hapiti upesi hivyo. Sentensi hiyo imo katika kauli ya kutendwa, na kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba katika kauli hiyo mtenda hutanguliwa na "na", ilhali "kwa" hutangulia ala. Kibao kimetutajia ala, kikamficha mtenda. Panalindwa na nani? Na mwenye hoteli, na kampuni ya walinzi, au na jamaa fulani aliyeunganisha kamera hizo na simu yake, naye yuko mji mwingine? Picha hukaa siku ngapi? Nani hupewa akiziomba?

Nisieleweke kwamba nazipinga kamera. Jumba la Westgate liliposhambuliwa mwaka 2013, na hoteli ya barabara ya Riverside mnamo Januari 2019, kamera ndizo zilizoonyesha jinsi wauaji walivyoingia. Mwenye hoteli ana haki ya kulinda lango, maegesho na kaunta yake ya fedha. Lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka akusanyaye habari za mtu amwarifu kwamba anazikusanya, kwa nini, na nani mwingine atakayezipata. Inamruhusu mtu pia kuomba kuona habari zinazomhusu, na inakataza kuziweka kupita muda unaohitajika. Picha ya uso wako ukila ni habari zako.

Tusidhani sheria hiyo imelala kabatini. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo (walimu wenzangu, sikilizeni) ilitozwa Sh4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kesi hizo hazikuhusu kamera za ukutani. Hata hivyo, picha ikishatoka kwenye kamera ya ukutani na kuzungushwa katika WhatsApp, sioni tofauti kwa yule aliyeaibishwa.

Wako wanaoziita vyombo hivi "kamera za siri", nao hujibu kwamba asiye na siri hana la kuogopa. Hapo maneno mawili yamechanganywa. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha, neno tulilolipata kwa Waarabu na ambalo mzizi wake ni wa uwazi na nafasi tupu, ni ile nafasi mtu aliyoachiwa awe peke yake. Wawili wanaonong'onezana mezani huenda hawana siri yoyote, lakini wana faragha.

Tena mgeni hukaa saa moja akaenda zake. Mhudumu hukaa chini ya jicho hilo mchana kutwa, hata pale nyuma ya jikoni anapokula chakula chake cha haraka, naye ndiye asiyeulizwa kabisa. Kamera ikielekezwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hailindi mali ya mtu.

Wanaofundisha katika vyuo vya utalii na hoteli wangeweza kuwapa wanafunzi wao zoezi la kuandika upya kibao hicho. Mimi ningeandika hivi, kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndiyo lugha ya taifa: "Hapa unapigwa picha na mwenye hoteli hii, ambaye jina na simu yake ni hizi, ili kuzuia wizi. Picha hufutwa baada ya siku kadha, nazo zimetajwa hapa. Ukitaka kuona picha zako, mwone meneja." Kibao kikubwa kidogo kuliko cha sasa kingetosha.