Kujua Jina na Kujua Jambo

Mtoto wa mkulima aliyezaliwa mlimani aona kwa macho yake mvua ikiuchukua udongo wa shamba na kuupeleka mtoni. Amwona na baba yake akichimba matuta ili auzuie. Lakini akifundishwa shuleni habari za mmomonyoko wa udongo kwa Kiingereza, huenda akazikariri sentensi zote za ubaoni asitambue kwamba habari hizo ni za shamba lao. Siku ya mtihani ataliandika jina. Jambo lenyewe halijui.

Shauri hili ni la zamani katika Kenya. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya kwao. Mwaka 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaukubali. Wazazi wengi walifurahi, wala si ajabu, maana aliyejua Kiingereza ndiye aliyepata ukarani na mshahara. Kisha mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikashauri kwamba madarasa matatu ya kwanza yatumie lugha ya mahali shule ilipo. Hiyo ndiyo kanuni hata leo, ingawa shule nyingi haziifuati.

Wazazi huogopa kwamba mtoto akichelewa kufundishwa kwa Kiingereza hatakijua kamwe. Hofu hiyo ilipimwa Nigeria. Mwaka 1970, mjini Ile-Ife, Profesa Babs Fafunwa na wenziwe waliweka madarasa ya namna mbili. Watoto wa namna ya kwanza walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba miaka 6, na Kiingereza wakajifunza kama somo, kwa mwalimu aliyekijua vema. Wa namna ya pili walifuata desturi: Kiyoruba miaka 3, kisha Kiingereza. Mwishowe wale wa kwanza waliwapita wenzao katika masomo, wala katika Kiingereza chenyewe hawakuwa nyuma.

Maana yake si kwamba Kiingereza kitupwe. Mwenye kukijua hufungua vitabu vingi, na kazi nyingi bado humtaka akijue. Maana yake ni kwamba kujifunza lugha ni kazi moja, na kujifunza hesabu au kilimo ni kazi nyingine. Mtoto mdogo akitwikwa zote mbili kwa pamoja, huenda akaziangusha zote. Na mwalimu ambaye mwenyewe hukitafuta Kiingereza kwa shida hawezi kumpa mtoto lugha wala somo.

Mzazi asiyejua neno la Kiingereza aweza kupima mwenyewe. Jioni, kazi zikiisha, na amwambie mtoto aeleze kwa lugha ya nyumbani alilofundishwa siku hiyo. Akilieleza, amelijua. Akishindwa, basi mzazi asimpige wala asimwite mjinga, bali aende akazungumze na mwalimu.