Damu inasafishwa Mtwara, mishipa nayo je?

Mgonjwa wa figo wa Msimbati halazimiki tena kuhamia Dar es Salaam ili asafishwe damu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyozinduliwa na Rais Samia Septemba 2023, inatoa huduma hiyo hapo Mtwara. Ila wengi wanaosafishwa damu, kote duniani, mwisho wao hauji kwa figo. Unakuja kwa moyo.

Figo iliyoshindwa haitoi fosforasi mwilini, na mashine inatoa kiasi tu. Ikizidi, inaungana na kalsiamu na kujijenga kwenye kuta za mishipa. Mshipa unakakamaa, moyo unasukuma kwa shida.

Damu inaweza kuonyesha hatari hiyo mapema. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 312 wa kusafishwa damu: wenye kiwango kidogo cha fetuini-A, protini inayozuia chokaa kuganda pasipotakiwa, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa.

Je, Mtwara ikimbilie kipimo hicho? Si sasa. Kipimo kinachotabiri kifo si lazima kiwe na dawa yake. Kwenye utafiti wa EVOLVE wa 2012, wagonjwa 3,883, dawa ilishusha homoni ya parathairoidi inayohusishwa na ugumu wa mishipa. Homoni ilishuka kweli, lakini hesabu kuu ya vifo na matatizo ya moyo haikuonyesha tofauti ya uhakika.

Faida ya karibu ipo kwenye fosforasi na kalsiamu, zikipimwa mara kwa mara na mgonjwa akaelezwa majibu yake. Hapo ndipo suala la chakula linapoingia. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi. Korosho nazo zinayo, ingawa ya mimea mwili huinyonya kidogo kuliko ya samaki. Soda nyeusi ndiyo balaa: fosforasi yake ya kiwandani inaingia kwenye damu karibu yote.

Halafu kuna nauli. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kutoka Msimbati hadi mjini ni kama kilomita 40, yaani safari sita kwa wiki, mara nyingi na msindikizaji. Bima ikilipia mashine, haimlipi bodaboda.

Utafiti wa Marekani wa 2011 ulionyesha vifo vinapanda baada ya pengo la siku mbili bila kusafishwa. Daftari la mahudhurio linaonyesha nani hakufika Jumatatu, na huyo ndiye wa kupigiwa simu kwanza, siku hiyo hiyo.